Mzee Suroso Kaleta Tena

"Yule mzee kaleta tena!"

Galih alijibwaga kwenye benchi kwa kishindo hadi kibakuli cha pilipili kikaruka. Alikuwa anacheka peke yake, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni.

"Mzee gani?" Wening akauliza, ingawa alijua vizuri sana ni mzee gani.

"Suroso! Si nilikwambia? Yule wa riwaya ya mvua. Mara ya tatu hii, Wening. Ya tatu! Nilimkataa mwaka jana, nikamkataa tena baada ya Idi, leo asubuhi nafungua barua pepe, nakutana na nani? Suroso! Hachoki huyu mtu!"

"Labda amerekebisha."

"Karekebisha nini? Subiri nikusomee." Akatoa simu, akakohoa kama mtangazaji wa redio. "'Mvua ilidondoka juu ya mapaa kama machozi ya mbingu, na Larasati naye akalia.' Huo ukurasa wa kwanza. Wa pili, mvua. Wa tatu, Larasati analia tena. Wa nne, mvua na Larasati wanalia pamoja! Nilitaka nifungue mwavuli pale ofisini."

Mama muuza soto, ile supu ya viungo waliyokuwa wanakula, akacheka hadi akaegemea sufuria yake. Wening alikuwa na kijiko cha supu mdomoni. Pilipili ikampanda puani, macho yakamtoka machozi. Galih akamsogezea glasi ya chai ya barafu.

"Pole, mpenzi. Ona, hata wewe umekuwa Larasati."

"Umesoma mpaka wapi, Mas?" Hivyo ndivyo Wening alivyomwita daima, yaani kaka.

"Ukurasa wa kumi na mbili."

"Na zipo ngapi?"

"Mia tatu na kitu. Kumi na mbili zinamtosha. Nina miswada arobaini kwenye foleni, na wenyewe wote wanataka majibu jana."

"Unadhani ni mtu gani, huyo Suroso?"

"Mwalimu mstaafu," Galih akajibu bila kusita. "Namwona kabisa. Kavaa saruni, ana ndege kwenye tundu, mke kamchoka, basi kaamua kutuhamishia sisi balaa lake."

Wening akalisukuma bakuli. Hakula tena.

Saa nane mchana alikuwa kazini kwake, duka la kutoa kopi karibu na chuo kikuu, anajalidi tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu chakula cha kambare. Simu ikatetemeka mfukoni. Akajificha nyuma ya mashine kubwa, akafungua.

"Ndugu Suroso. Tunashukuru kwa kutuamini kwa mara nyingine. Baada ya kuusoma muswada wako kwa makini, tunasikitika kukujulisha kwamba hatutaweza kuuchapisha. Kwa moyo mwema kabisa, tunakushauri utafute shughuli nyingine ya kupitishia muda. Wako, Galih Prasaja, Mhariri Msaidizi."

"Kwa makini!" Wening akasema kwa sauti. "Kurasa kumi na mbili ndiyo makini?"

"Unasemaje, dada?" mwenye kambare akauliza kutoka kaunta.

"Nasema jalada lako rangi gani?"

Ndiyo, Suroso alikuwa Wening. Msichana wa miaka ishirini na tisa, hana saruni, hana ndege, na mchumba wake ndiye huyo aliyekuwa anamcheka huku anakula soto.

Hakupanga iwe hivyo. Wiki ile ya kwanza walipoanza kutoka pamoja, Wening alikuwa amejiandaa kabisa kumwambia kwamba anaandika. Galih akamtangulia: "Unajua ninachokupendea? Wewe huandiki. Kila mtu akijua nafanya kazi kwa wachapishaji ananiletea muswada. Binamu, jirani, mpaka daktari wa meno, mdomo wangu uko wazi ananisimulia riwaya yake! Wewe umeniokoa." Wening akameza maneno yake. Baadaye akafikiri, basi nitume kwa jina jingine. Nikikubaliwa, nitakubaliwa kwa kazi yangu, halafu nitamwambia tucheke wote. Akachagua jina la babu aliyewahi kuwa jirani yao.

Hawakucheka wote. Kwa miaka sita, katika kampuni zote alizotuma, barua ile ya siku ya kambare ilikuwa ya ishirini na tatu kumkataa. Na tatu kati ya hizo zilitoka kwa mtu aliyemvisha pete.

Mama yake, Bi Lasmi, fundi cherehani wa mtaa wa Kotagede, ndiye pekee aliyekuwa anajua.

"Mwambie mchumba wako," mama alisema jioni ile, pini zikiwa mdomoni.

"Sitaki kubebwa, Mama."

"Kubebwa?" Mama akazitoa pini zote ili aongee vizuri. "Huyo ndiye anayekuangusha! Mwanangu, mimi sijasoma, lakini hili nalielewa. Unamfulia shati Jumapili, Jumatatu anakuandikia barua ya matusi akiwa amelivaa!"

"Hajui kwamba ni mimi."

"Basi mwambie ajue! Au acha kuandika! Moja kati ya hayo mawili, maana mimi nimechoka kukuona unasusa chakula kila barua ikija."

"Siachi."

"Ya Allah. Sawasawa na marehemu baba yako na wale kuku wake, wakifa ananunua wengine."

Usiku huo Wening alilala kwa hasira. Alfajiri, baada ya swala, akafungua kompyuta kama kawaida yake, akautazama muswada. Akasoma ukurasa wa kwanza. Mvua. Wa pili. Mvua. Wa tatu, Larasati analia.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba Galih alikuwa anasema kweli.

Akachukua simu, akaandika ujumbe.

"Mas, umeamka?"

"Nimeamka. Kuna nini?"

"Nimemfikiria yule mzee wako. Nimemwonea huruma. Angefanya nini ili mseme ndiyo?"

"Hahaha! Una moyo wewe. Kwanza mvua ikome. Pili huyo Larasati aache kulia, aanze kusema anachotaka. Tatu, mwanaume wa kwenye hadithi ni sanamu. Anasimama, anatabasamu, ana mabega mapana. Basi! Sijui huyo mzee hajawahi kukutana na mwanaume?"

Wening akatazama ujumbe ule muda mrefu. Hajawahi kukutana na mwanaume. Sawa.

Akaifuta mvua yote, kurasa na kurasa. Akamwinua Larasati kitandani, akampa kazi na mdomo. Mwanaume mwenye mabega mapana akamtupa nje. Mahali pake akamweka mtu mwembamba anayeongea sana, anayecheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza. Mtu aliyemposa msichana kwenye kivuko cha reli wakati treni linapita, msichana asisikie, akarudia, asisikie tena, na aliporudia mara ya tatu kwa kelele za mwisho, treni likawa limeshapita na pikipiki hamsini zilizokuwa zinasubiri zikasikia zote. Hivyo ndivyo Galih alivyomposa Wening.

Hakuishia hapo. Kulikuwa na jambo ambalo Galih alimwambia siku moja tu, hospitalini, wakati wanasubiri baba yake atoke chumba cha upasuaji. Alisema kwamba zamani naye aliwahi kuandika riwaya. Akaituma mahali pamoja. Wakamkataa. Akaichoma nyuma ya nyumba, hakuandika tena, akaomba kazi ya kukataa riwaya za wengine. "Sijamwambia mtu yeyote," alisema, amemshika mkono kwa nguvu. "Hata mama yangu."

Wening aliliandika hilo pia. Vidole vilisita, lakini aliandika. Ndiyo ikawa sura bora kuliko zote.

Ilimchukua miezi mitano. Siku ya kutuma alisoma "Bismillah," akabonyeza, akaenda kazini.

Siku nne baadaye, saa nne asubuhi, duka limejaa wanafunzi wenye tasnifu, Galih akaingia bila salamu. Uso ulikuwa mweupe, shati limetoka nje ya suruali.

"Suroso ni nani?"

Wening akaiacha karatasi ikamezwa na mashine.

"Mas, ngoja tutoke n..."

"Nimekuuliza, ni nani? Nimesoma jana kutwa. Nimesoma yote, Wening, mpaka nukta ya mwisho! Kivuko cha reli kimo. Pikipiki zimo. Maneno yangu, neno kwa neno! Nikasema labda kulikuwa na mtu pale kwenye foleni akasikia. Halafu nikafika sura ya kumi na nane." Akaegemea kaunta. "Hospitali. Ile nilikwambia wewe. Wewe peke yako!"

"Mas Galih..."

"Una mwanaume mwingine? Sema! Unakaa naye wapi? Unamsimulia mambo yangu, anakaa anayaandika, halafu ana ujasiri wa kunitumia mimi niyasome?"

Wanafunzi wakaacha kupanga karatasi zao. Mashine yenyewe ilikwama, ikawa kimya. Mzee Wiryo, mwenye duka, akatoka chumba cha nyuma.

"Gombaneni nje, tafadhali. Wateja wanasikiliza."

"Hapana, mzee, waache tu," akasema msichana mmoja mwenye miwani. "Sisi hatuna haraka."

"Suroso ni mimi," Wening akasema.

"Usinidanganye."

"Ni mimi! Hakuna mwanaume. Hakuna mzee, hakuna ndege, hakuna tundu. Mimi!" Akafungua simu, akamsukumia usoni. "Barua yako ya kwanza hii. Hii ya pili. Hii ya tatu, isome hii, isome kwa sauti kama ulivyonisomea kwenye soto. Soma!"

Galih akaipokea simu. Midomo ikatembea mstari kwa mstari. Alipofika kwenye "shughuli nyingine ya kupitishia muda" akafumba macho.

"Sikujua," akasema.

"Hukujua nini?"

"Sikujua kama ni wewe! Ningejua ni wewe ningekuwa..."

"Ungekuwa nini? Ungesoma? Ungeandika kwa adabu? Kwa hiyo adabu ni ya wachumba tu?" Wening akapiga kaunta. "Hao wengine arobaini kwenye foleni nao ni watu, Mas. Kila mmoja ana mtu nyumbani anayemwona anasusa chakula!"

"Ebo!" akanong'ona yule mwenye miwani.

Galih akairudisha simu juu ya kaunta, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Sawa. Mimi nimekosa. Nimekuwa mjinga na nimekuwa katili, na umenikamata." Akamtazama. "Lakini ya hospitali, Wening? Ile nilikupa kwa sababu nilikuwa naogopa baba yangu anakufa. Hukuniomba. Umeichukua tu."

Wening akainamia karatasi iliyokwama kwenye mashine, akaivuta vipande vipande.

Galih akageuka, akatoka. Pikipiki yake ilikataa kuwaka mara mbili, ikawaka ya tatu.

"Dada," yule mwenye miwani akasema, "hiyo riwaya inapatikana wapi?"

Wiki tatu zikapita bila simu. Wening alimwandikia: "Mas, nisamehe kwa ile sura." Tiki mbili za bluu. Hakuna jibu. Akaandika tena: "Nitaifuta." Tiki mbili za bluu.

Nyumbani ilikuwa vurugu nyingine.

"Vitambaa vya shangazi kumi na wanne vimeshakatwa!" Mama alikuwa analia na mkasi mkononi. "Kumi na wanne! Rangi ya zambarau! Nani atavaa zambarau bila harusi? Niende nikawaambie nini, kwamba harusi imevunjwa na mzee Suroso?"

"Haijavunjwa, Mama. Tumenyamaza tu."

"Mwezi wa Haji, mwezi wa harusi yenu, ndio huo unakuja, nyie mmenyamaza! Na huyo naye, mwanaume mzima, ananuna kwa sababu ya sura ya kumi na nane. Sura! Mimi marehemu alinitangaza mtaa mzima kwamba nakoroma, nikamwacha?"

Kisha ikaja barua pepe, rasmi, kwa jina la Suroso.

"Ndugu Mwandishi. Napenda kukujulisha kwamba nimemweleza Mhariri Mkuu kuwa nina uhusiano binafsi nawe, hivyo sistahili kuamua juu ya muswada wako. Umekabidhiwa kwa msomaji mwingine. Maoni yangu nimeyaandika na kuyasaini: uchapishwe. Galih Prasaja."

Wening aliisoma mara kumi. Haikuwa na neno moja la mapenzi. Hata hivyo alienda chooni, akafungua bomba, akalia humo Mzee Wiryo asisikie.

Siku kumi na moja baadaye, jibu likatoka kwa huyo msomaji mwingine. Mistari mitatu. Riwaya za mapenzi soko lake limejaa. Mhusika wa kike ana mdomo sana. Tunakutakia mafanikio kwingineko.

Ya ishirini na nne.

Alikuwa hajafunga barua hiyo simu ilipoita. Jina la Galih.

"Wamekukataa!" Alikuwa anapiga kelele, nyuma yake honi za magari. "Umeona? Wamekukataa! Yule mpumbavu kasoma sura moja tu! Nimemuuliza, umefika hospitali? Ananiambia hospitali gani! Hospitali gani, Wening! Nimemwambia Mhariri Mkuu usoni kwake kwamba wanafanya ujinga, kaniambia nipunguze hisia. Mdomo sana? Larasati ana mdomo sana? Ana mdomo unaomtosha! Nimetoka ofisini, nimesimama barabarani, sijui hata nakwenda wapi!"

Wening akasikiliza. Kisha, bila kutaka, akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe. Unajisikiaje?"

"Kama nimepigwa tumboni."

"Mara yako ya kwanza kwa ajili ya mtu mwingine, eh?"

"Ndiyo."

"Yangu ya ishirini na nne. Kula kitu, Mas, kitu cha moto. Usijibu barua yao leo. Kesho itauma bado, keshokutwa utaanza kuwaona wao ndio wenye shida."

Honi zikaendelea. Halafu Galih akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unafanya hivi peke yako. Mara zote hizo."

"Nilikuwa na Mama."

"Na mimi niko pale kwenye benchi nakusomea kwa sauti ya mtangazaji."

"Na wewe uko pale."

"Naweza kuja?"

"Njoo. Ila pita mlango wa nyuma. Mama ana mkasi."

Hakupita mlango wa nyuma. Aliingia mbele, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya cherehani na kuubusu mkono wa Bi Lasmi.

"Mama, nisamehe."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza, halafu nikutukane."

Walikaa ukumbini na sahani za wali na tempe ya soya, katikati ya marundo ya zambarau. Wening ndiye aliyeanza.

"Ile sura nimeitoa. Kompyuta ile pale, angalia mwenyewe. Sikuwa na haki, Mas. Nilijua ni yako wakati naiandika. Vidole vilikataa nikavilazimisha."

"Irudishe."

"Nini?"

"Irudishe. Lakini umeikosea." Galih aliweka kijiko chini. "Umeandika kwamba aliacha kuandika kwa sababu walimvunja moyo. Si kweli. Ndivyo nilivyokusimulia, lakini si kweli. Ile barua ilipokuja, Wening, nilifurahi. Nilifurahi! Kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa. Sikulazimika kujaribu tena. Nikachoma ili watu wanionee huruma, na hakukuwa na mtu wa kuniona, nikajionea mwenyewe. Tangu hapo kila mtu anayerudi mara ya pili ananikera. Suroso alinikera kuliko wote. Aliporudi ya tatu nilimchukia kabisa. Nilidhani ni mvua yake."

Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Niandike hivyo?" Wening akauliza.

"Andika hivyo. Safari hii nimekupa mwenyewe."

Aliandika hivyo. Wiki moja tu, alfajiri saba. Safari hii akaweka jina lake, Wening Astuti, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Galih alitaka kukaa pembeni amsahihishie koma, akafukuzwa.

Wakatuma kwa wachapishaji wa Jakarta. Wakakataliwa. Wakatuma Surabaya. Hawakujibiwa, hiyo nayo wakaihesabu. Wakatuma Bandung, barua ikarudi imemwita Bwana Wening.

"Bwana!" Galih alirusha kofia ya pikipiki. "Hata jina hawakusoma!"

"Punguza hisia, Mas."

"Usiniambie nipunguze hisia! Kwani wewe huchoki?"

"Nachoka sana," Wening akasema, na kwa mara ya kwanza aliruhusu uchovu huo uonekane usoni. Akakaa ngazini. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nachukia kila mtu anayeniambia nivumilie. Kuna siku natamani kitu hiki kinitoke mwilini kama homa niishi kama watu wengine. Lakini kesho alfajiri nitaamka tu. Sijui kuishi bila kuamka."

Galih akakaa karibu naye. Hakumwambia avumilie.

"Basi nitakuchemshia maji ya chai," akasema. "Hiyo ya alfajiri. Naweza kuifanya vizuri."

Simu ya Malang, mji waliotuma mwisho, ilikuja Jumanne, wiki tano kabla ya harusi. Wening alikuwa amesimama juu ya kiti, mama anapima pindo.

"Wening Astuti? Naitwa Endah, nina kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu hapa Malang. Ndogo kweli, tupo watatu, mmoja ni mume wangu. Nimesoma riwaya yako mara mbili."

Wening akashuka kwenye kiti. Pini ikamchoma, hakusikia.

"Mara mbili?" akauliza.

"Mara mbili, yote. Naitaka. Lakini mwisho wake mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Umewaozesha haraka mno. Baada ya yote yale wanakwenda kuoana tu? Wacheleweshe."

"Nani anawachelewesha?" Mama akafoka, maana spika ilikuwa wazi. "Dada, hujambo? Mimi ndiye mama. Hawa wamechelewa miaka miwili, nina shangazi kumi na wanne wa zambarau, usinicheleweshee mtu hapa!"

Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa.

"Mama, nazungumzia wa kwenye kitabu."

"Wa kwenye kitabu fanyeni mnavyotaka!"

Wening alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa kimemzunguka pande zote. Alitaka kusema asante. Badala yake akajikuta anasema, "Una uhakika? Hujakosea muswada? Wengine huniita Bwana."

"Sijakosea, binti. Mwisho niletee baada ya mwezi. Na hongera ya harusi."

Alipompigia Galih, alisikia kiti kikianguka ofisini kwake, kisha mtu akipiga mbio kwenye ngazi. Hakukata simu njia nzima. Alifika anahema, simu bado iko sikioni, na walikuwa wametazamana uso kwa uso kabla hawajakumbuka kuzizima.

"Sema tena," Galih akasema.

"Wamesema ndiyo."

"Tena."

"Wamesema ndiyo, Mas! Usinifanye nilie, mama kasema nitachafua kitambaa."

Akalia, na kitambaa kikachafuka.

Ndoa ilifungwa msikitini Alhamisi asubuhi. Kadhi alikuwa mtu wa haraka, ana ndoa nyingine nne siku hiyo, na alisoma fomu mbele ya wote ili kuhakikisha kabla ya kutia muhuri.

"Bibi harusi, Wening Astuti. Sawa. Walii, baba yake mdogo. Sawa. Kazi, mtumishi wa duka la kopi. Sawa..."

"Si sawa," Galih akasema.

Kadhi akamtazama juu ya miwani. "Si sawa wapi?"

"Hapo kwenye kazi. Yeye ni mwandishi."

"Mas, acha," Wening akanong'ona, uso umemwiva chini ya poda. "Kitabu bado hakijatoka."

"Kinatoka lini?" kadhi akauliza.

"Baada ya miezi sita, inshallah," Galih akajibu.

"Sasa mimi niandike nini? Fomu imeshachapwa. Bibi harusi, sema wewe mwenyewe. Unafanya kazi gani? Jibu moja, tafadhali, watu wa ndoa ya pili wameshafika mlangoni."

Msikiti mzima ukamgeukia. Shangazi kumi na wanne wa zambarau, Mzee Wiryo na batiki yake mpya, mama ameshika leso mdomoni. Wening alifikiria kusema ni sawa tu, iacheni. Maneno hayo alikuwa ameyasema miaka mingi, yalikuwa pale pale ulimini.

"Mwandishi," akasema.

"Sauti!"

"Mwandishi!"

Kadhi akakata mstari kwa kalamu, akaandika juu yake, akatia saini pembeni. Halafu akaunyoosha mkono kwa Galih, Galih akaushika, akamwozesha kwa niaba ya baba mdogo, na Galih akaitamka kabuli yake, maneno ya kumkubali mke, yote kwa pumzi moja, bila kukosea hata neno.